Kanjo Ilipokuwa Lendilodi

Ukimwuliza kijana wa Nairobi kanjo ni nani, atakwambia ni wale jamaa wanaoruka kutoka kwa lori, wanamwaga nyanya za mama mboga, wanabeba mkokoteni na kupotea. Sasa muulize nyanya yake aliyelea watoto Maringo au Jericho. Huyo atakwambia kanjo ilikuwa lendilodi. Nyumba ilikuwa ya kanjo, kodi ililipwa kwa ofisi ya kanjo, na bomba likipasuka ulienda kulalamika kwa kanjo. Neno ni lile lile, limetokana na jina la Kiingereza la baraza la jiji. Lakini kati ya nyanya na mjukuu kazi ya kanjo ilibadilika kabisa, na hakuna aliyetangaza.

Mimi ni mpangaji. Tangu keja yangu ya kwanza nimehama mara nne, na kila mara nimesogea mbali zaidi na mahali ninapofanyia kazi. Nilianza kusoma historia ya nyumba za mji huu kwa sababu nilitaka kujua kitu kimoja: serikali ya mtaa, ile iliyo karibu nasi zaidi, ilishawahi kukabili shida hii? Na kama ilishawahi, nini kilivunjika?

Swali hili si la makumbusho. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata makao yanayofaa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linagawa kazi: sera ya nyumba ni ya serikali ya kitaifa, lakini nyumba zenyewe, pamoja na mipango ya ardhi na upimaji wake, zimewekwa chini ya kaunti. Ukiongea habari za nyumba leo, kila mtu anatazama Ikulu na makato ya mshahara. Kaunti imekaa pembeni kama mgeni kwenye harusi yake mwenyewe.

Mji usiotaka wakazi

Nairobi ilizaliwa 1899 kama kambi ya reli. Ilihitaji mikono ya kubeba mizigo, kufua, kupika na kuchimba mitaro. Ila haikutaka wenye mikono hiyo walale hapo. Kwa hesabu ya wakoloni, Mwafrika mjini alikuwa mgeni wa kazi. Kwao ni mashambani na huko atarudi. Mwaka 1913, Profesa W. J. Simpson, daktari aliyeletwa kukagua afya ya miji, alipendekeza makazi yatengwe kwa rangi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande, na mtu asiyeweza kuonyesha ameajiriwa na nani alijua anaweza kuishia seli.

Watu hawakungoja ruhusa. Walijijengea vijiji: Pangani, Maskini, Kaburini, Mji wa Mombasa. Nyumba nyingi zilifuata mtindo wa pwani, kuta za miti na udongo, ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja, vingine akapangisha. Baadhi ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake, waliotafuta pesa zao mjini na hawakuwa na shamba la kurudia. Hizo ndizo zilikuwa nyumba za bei nafuu za kwanza za Waafrika Nairobi, na zilijengwa bila senti ya serikali.

Manispaa ilijibu kwa kubomoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilianzisha Pumwani kuwa mtaa rasmi wa Waafrika, na vijiji kama Maskini na Kaburini vikaondolewa. Huko Pumwani mpango ulikuwa hivi: ploti ya manispaa, nyumba ya aliyejenga. Pangani ilisalia mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, nayo ikabomolewa. Waliovunjiwa wakaelekezwa Shauri Moyo, mtaa ambao manispaa ilijenga yenyewe. Wenyeji hulieleza jina hilo hivi: ukitaka kwenda nenda, usipotaka pia sawa, ni shauri ya moyo wako.

Tazama kilichopotea hapo. Pangani, mtu wa kipato kidogo alikuwa na nyumba yake, na vyumba vya kupangisha vilimlisha uzeeni. Shauri Moyo alipata kuta imara zaidi na choo safi zaidi, ndani ya nyumba isiyokuwa yake. Tangu siku hiyo, kila mradi wa nyumba mjini Nairobi umekuja na swali hili: aliyekuwa hapa mwanzo anapata nini, nyumba au nafasi ya kukaa tu?

Na pesa zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa pombe. Manispaa ilikataza wanawake kupika na kuuza pombe mitaani, ikafungua kilabu chake yenyewe Pumwani, na faida ikaingia kwenye hazina ya huduma za Waafrika. Yaani mfanyakazi alitarajiwa kulipia huduma za mtaa wake kwa kunywa. Barabara na taa za Wazungu hazikungoja mtu alewe.

Mgomo uliozaa posho

Kama umeajiriwa, chukua karatasi yako ya mshahara. Kuna mstari wa posho ya nyumba. Mstari huo una historia ya mapambano, na sehemu yake ilianzia Mombasa.

Mwaka 1939 vibarua wa Mombasa waligoma, wakiwemo wa bandarini. Mishahara ilikuwa midogo na kodi ya chumba ilikuwa imepanda hadi watu wakawa wanalala kwa zamu au kurundikana. Mgomo huo ulisukuma waajiri kuanza kulipa posho ya nyumba. Januari 1947 mji ule ukasimama tena, safari hii kwa mgomo mkuu uliozaa chama cha African Workers Federation na kumpa sauti Chege Kibachia. Mwaka 1954 kamati ya serikali kuhusu mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilikiri kwamba mshahara wa mfanyakazi ulikuwa umepangwa kana kwamba hana mke wala watoto, na ikapendekeza alipwe kiasi cha kutunza familia mjini.

Wazo la posho halikufa na ukoloni. Sheria ya Ajira ya 2007 bado inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa au pesa za kutosha kulipia kodi. Ni ushindi wa kweli, na uligharimu watu. Ila una tundu. Posho inamfikia mwenye ajira rasmi peke yake. Mtu wa mjengo, dereva wa boda na mama wa kibanda hawaioni. Halafu posho haiongezi chumba hata kimoja mjini. Pesa zikiongezeka na vyumba vikabaki vile vile, lendilodi anapandisha kodi na posho inahamia mfukoni mwake. Hapo ndipo serikali ya mtaa inahitajika, kwa sababu mwajiri hawezi kupima ploti wala kuvuta bomba la majitaka.

Kanjo inajenga

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, serikali ya kikoloni iliogopa migomo na magonjwa, ikaanza kukubali kwamba Mwafrika wa mjini hatarudi popote. Ndipo kanjo ikajenga kwa nguvu. Ziwani na Kaloleni zilitoka miaka ya 1940. Mipango ya Kaloleni ilifuata fikra za mtaa kamili: nyumba fupi zikizunguka viwanja vya nyasi, shule, zahanati, maduka, na ukumbi wa jamii ambao baadaye wanasiasa waliutumia kupigania uhuru. Mitaa mingine ya Eastlands ikafuata miaka ya 1950 na 1960. Miwili kati yake ina majina ya madiwani waliouawa wakati wa Hali ya Hatari: Mbotela, kwa Tom Mbotela, na Ofafa, kwa Ambrose Ofafa. Tom Mboya mwenyewe, kabla ya kuwa jina kubwa, aliajiriwa na kanjo kama mkaguzi wa afya.

Kwa nini iliwezekana? Nimetafuta uchawi, sijaupata. Kulikuwa na mambo matatu ya kawaida. Kwanza, ardhi ilikuwa tayari mikononi mwa umma, kwa hivyo bei ya kiwanja haikuingia kwenye kodi. Pili, pesa za kujenga zilikuwa mikopo ya muda mrefu iliyolipwa polepole na kodi za wapangaji. Tatu, kanjo ilikuwa na mafundi wake na ofisi mtaani, kwa hivyo paa likivuja kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Lakini tusipake rangi ya waridi. Nyumba hizi zilikuwa pia kamba shingoni. Kwa miaka mingi nyingi zilipangwa kwa hesabu ya vitanda, mwanamume na kitanda chake, kana kwamba hana familia. Mwanamke asiye na mume aliyeajiriwa hakuwa na mlango wa kubisha. Na lendilodi wako akiwa ndiye serikali, polisi hawahitaji kuuliza unaishi wapi. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi waliuzingira mji na kuwakusanya maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wengi wakitolewa kwenye mitaa hiyo hiyo ya Eastlands na kupelekwa vizuizini. Nyumba ya umma bila haki za mpangaji inaweza kugeuka ngome.

Hesabu ikakataa

Uhuru ulipokuja, vizuizi vya kuingia mjini vilianguka na watu wakaja, na walikuwa na kila haki ya kuja. Sensa ya 1969 ilihesabu zaidi ya watu 509,000 Nairobi. Kumi baadaye, 1979, walikuwa zaidi ya 827,000. Serikali mpya ilitoa sera ya nyumba katika waraka wa bunge wa 1966/67, na 1967 Shirika la Kitaifa la Nyumba likaundwa ili kuzikopesha serikali za mitaa. Kanjo ikaendelea kujenga.

Shida ilikuwa hesabu. Nyumba iliyokamilika, ya mawe, yenye kila kitu kilichotakiwa na kanuni, iligharimu pesa ambazo watu wengi hawakuwa nazo. Kanuni za ujenzi za 1968 zilikuwa zimenakili mno mambo ya Uingereza, nazo ziliendelea kutumika kwa zaidi ya nusu karne. Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970, ilikuwa mtaa mzuri na ikaenda kwa watu wa mishahara mizuri. Mathare ikazidi kujaa.

Ndipo likaja wazo la Dandora. Mwaka 1975 Benki ya Dunia, serikali na kanjo walikubaliana kutengeneza ploti 6,000 mashariki ya mji. Kanjo haikujenga nyumba nzima. Ilipima ardhi, ikachimba mitaro, ikaleta maji, majitaka na barabara, ikaweka choo na bafu kwenye ploti, halafu ikampa mwenye ploti mkopo wa vifaa ajijengee vyumba vyake. Waliokosa pesa za fundi, wengi wao wanawake, waliunda vikundi: wanachanga, wanajenga chumba cha mmoja, wanahamia cha mwingine. Ile akili ya Pangani, kulala chumba kimoja na kupangisha vingine, ilirudi, safari hii kukiwa na bomba la majitaka chini yake.

Dandora ina wakosoaji wengi na wana hoja. Baadhi ya waliopewa ploti waliziuza au wakapangisha nyumba nzima kwa wenye uwezo zaidi. Wengine walisubiri miaka. Jaa la taka la mji likawekwa jirani yao na halijaondoka. Hata hivyo nikipiga hesabu kama mpangaji, naona kwamba kazi ile ya kanjo, ya mtaro na bikoni, imezaa vyumba vingi kuliko mitaa mingi iliyokabidhiwa funguo na kukatwa utepe. Wenye ploti waliongeza vyumba juu ya vyumba, na bado wanaongeza.

Jinsi lendilodi alivyozeeka

Kanjo haikuacha kujenga siku moja. Ilikauka polepole.

Kodi ya mapato ya kila mtu iliyoitwa GPT, ambayo ilizilisha serikali za mitaa, ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na hakuna kilichoziba pengo lake sawasawa. Mwaka 1983 serikali kuu ilivunja Baraza la Jiji na kuweka tume, na Nairobi ikakaa karibu miaka kumi bila madiwani waliochaguliwa. Katikati ya hapo, Mei 1990, kitongoji cha Muoroto karibu na kituo cha mabasi ya Machakos kilibomolewa kwa nguvu, kukawa na majeruhi na hasira nchi nzima. Kizazi changu kilizaliwa kanjo ikiwa tayari inajulikana kwa tingatinga.

Ardhi nayo ilikwenda. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyokamilika 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, ikiwemo ya miji, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Viwanja vya michezo, njia za barabara, hata nyumba za kanjo. Ardhi ile ile iliyofanya kodi ya Kaloleni iwe nafuu ilikuwa sasa zawadi ya kisiasa.

Na kuna jambo moja ambalo ni kavu kusimulia, lakini ni zito. Nairobi hutoza kodi ya ardhi kulingana na thamani ya kiwanja. Orodha ya thamani iliyotayarishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitumika kwa takriban miaka arobaini. Fikiria mwenye eka Kilimani, ambayo bei yake imepaa mara nyingi, akilipa kwa kipimo cha enzi ya nyumba za bustani. Wakati huo wewe unaambiwa uhame mwisho wa mwezi kwa sababu kodi ya chumba ni ya mwaka huu. Kukalia ardhi tupu mjini kumekuwa rahisi, na kaunti imekuwa ikijinyima pesa za mabomba.

Kodi za nyumba za kanjo zenyewe zilibaki chini sana, na matengenezo yakaisha. Mpangaji rasmi akajenga vibanda vya mabati uani na kupangisha, au akampa mtu mwingine nyumba kwa bei ya soko na kuweka tofauti mfukoni. Simlaumu sana, lendilodi wake alikuwa ameacha kuja. Ila nafuu iliyokusudiwa kwa wa chini iliishia kwa aliyekuwa na jina kwenye buku.

Darasa kutoka Voi

Kabla ya kurudi Nairobi, tupitie Voi, kwa sababu mji mdogo huo ulijaribu kujibu swali la Pangani moja kwa moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa kitongoji cha Tanzania-Bondeni walikuwa wanaishi kwenye ardhi isiyokuwa yao. Kwa kawaida kurasimisha kitongoji huwa hivi: kila mtu anapewa hati yake, halafu mwenye pesa anakuja na bahasha, na baada ya miaka michache maskini wamehamia kitongoji kingine. Wa Voi, wakisaidiana na manispaa na mradi wa miji midogo uliofadhiliwa na Ujerumani, waliamua tofauti. Ardhi iwe ya jamii kwa pamoja, chini ya amana. Mtu anamiliki nyumba yake, anaweza kuirithisha au kuiuza, lakini ardhi haiuzwi.

Sheria za Kenya hazikuwa zimeshonwa kwa ajili ya mpango kama huo, na makaratasi yaliwasumbua sana. Mpango haukuenea nchi nzima. Hata hivyo ulionyesha kwamba kuna njia ya tatu kati ya kanjo kumiliki kila kitu na soko kumeza kila kitu.

Kanjo ya leo

Nairobi ilihesabiwa 2019 ikiwa na watu 4,397,073. Wengi wetu hatuishi kwenye nyumba za kanjo wala za miradi ya kitaifa. Tunaishi kwenye ghorofa za watu binafsi, Pipeline, Huruma, Umoja, Zimmerman, vyumba vimepangwa kama droo, mwanga unaingia kwa foleni. Nyingi zilijengwa bila vibali au kwa kupita nyuma ya vibali. Ndizo nyumba za bei nafuu za kweli za mji huu, na ni hatari. Aprili 2016 ghorofa moja ilianguka Huruma usiku wa mvua na kuua watu takriban 50.

Kwa upande mwingine kuna makato. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wako na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Pesa zinasimamiwa na serikali kuu. Ardhi ya miradi mijini mara nyingi ni ya umma, na baadhi yake ni mitaa ile ya zamani ya kanjo. Pangani tena! Mtaa mdogo wa nyumba 48 za kanjo ulibomolewa ili kupisha ghorofa zenye nyumba zaidi ya 1,400 kupitia mwekezaji binafsi. Wapangaji wa zamani walipewa pesa za kupanga kwingine na ahadi ya kurudi. Kujenga nyumba nyingi mahali pa chache ni jambo zuri, mji umefurika. Lakini mitaa mingine ya Eastlands iko kwenye foleni hiyo hiyo, na ahadi ya kurudi ina uzito wa karatasi ilikoandikwa.

Bado kuna mahali kaunti imefanya kazi yake. Agosti 2017 Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, vitongoji vya Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, vyenye takriban kaya 100,000. Tangazo hilo lilisukumwa na wakazi wenyewe kupitia Muungano wa Wanavijiji na wasomi walioshirikiana nao. Utafiti wao ulionyesha kitu ambacho kila mtu wa mtaani anakijua: maskini analipia maji kwa mtungi bei ya juu kuliko tajiri anayefungua mfereji. Wakazi walikaa vikundi vidogo vidogo, wakajadili barabara ipite wapi na nani asogee kidogo. Baadaye barabara na mabomba yakaanza kuingia. Si Kaloleni. Ila ni mtaro na bikoni, na safari hii waliokuwepo walihesabiwa kabla ya tingatinga kufika.

Tudai nini

Nikiweka miaka mia moja hii mezani, naona kwamba serikali ya mtaa ilisaidia zaidi pale ilipofanya kazi ambazo hakuna mwingine anayeweza kuzifanya. Kumwaga zege, mkandarasi yeyote anaweza. Kushika ardhi ya umma isiibwe, kupima, kuvuta maji na majitaka kabla watu hawajafika, kutoza kodi ardhi iliyolala, kukagua ghorofa kabla haijaanguka, na kuandika nani anaishi wapi: hizo ni kazi za kaunti, nazo ndizo zinazoshusha bei ya chumba chako.

Kwa hivyo, mtaa wa kanjo ukibomolewa, ardhi isiuzwe. Ikodishwe kwa miaka maalum, ibaki ya umma, kama ploti za Pumwani na amana ya Voi zilivyojaribu kila moja kwa njia yake. Orodha ya wapangaji, pamoja na wale wa vibanda vya uani ambao majina yao hayako kwenye buku, ibandikwe ukutani kabla ya mkataba kusainiwa, na haki yao ya kurudi kwa bei wanayoiweza iwe ndani ya mkataba wenyewe. Sehemu ya nyumba mpya ibaki ya kupangisha, kwa sababu sote hatuwezi kununua na wengine hatutaki. Kodi ya ardhi ifuate thamani ya leo, na pesa zake zionekane kwa mabomba. Na lendilodi mdogo wa Pipeline apewe kanuni anazoweza kuzifuata na mkaguzi asiyekuja kutafuta chai.

Najua unafikiria nini: kaunti hii hii? Ya askari na lori? Ndiyo, hii hii. Hatuna nyingine, na yenyewe ina makarani, wapimaji na wakaguzi tunaowalipa kila mwezi.

Sheria inaitaka kaunti isikilize wananchi kabla ya kupitisha bajeti na mipango yake. Makadirio ya matumizi hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia mwisho wa Aprili na kupitishwa kufikia mwisho wa Juni. Katikati ya hapo hufanyika vikao vya maoni, mara nyingi kwenye ukumbi wa jamii, viti vya plastiki, watu ishirini na wengi wao wazee wa mtaa. Sisi wapangaji wa chini ya miaka thelathini na tano ndio wengi mjini, na ndio tunaokosekana pale. Nenda na swali moja tu: katika wadi hii ardhi ya umma iliyobaki ni ipi, na imeandikwa kwa jina la nani? Wakishindwa kujibu, uliza tena kikao kinachofuata, na umbebe jirani.